Siku Ambazo Shajara Haikuziona

Swali la Makambako

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuhubiri katika usharika mmoja wa Makambako. Ibada ilipokwisha, na mnada wa sadaka ulipomalizika, yaani mahindi, viazi na kuku wawili, mama mmoja mzee alitusubiri kando ya mlango wa kanisa. Alitusalimu, "Kamwene, Baba Mchungaji," kisha akatuomba tusogee pembeni.

Juma lililotangulia jirani yake alikuwa amempeleka kwenye mkutano wa maombi mjini. Mhubiri akawataka wote wanaoijua siku waliyookoka wasimame. Mmoja akataja tarehe, mwingine akataja hata saa. Yeye alibaki ameketi.

"Nilibatizwa nikiwa mgongoni mwa mama," alituambia. "Kipaimara nimepata. Nimeimba kwaya mpaka sauti imeisha. Nimezika mume na watoto wawili, na kuomba sijaacha. Ila tarehe sina. Sasa, Baba, mimi nimeokoka au nimezoea tu?"

Tulimjibu haraka: "Usiogope, mama, Bwana anakujua." Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilitolewa na watu waliokuwa wakitazama saa, kwa sababu gari la Njombe lilikuwa karibu kuondoka. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na njia nzima hatukuona misonobari wala mashamba. Tulisikia neno lile tu: au nimezoea tu?

Tulipofika nyumbani tulikumbuka kitabu tulichokisoma zamani tukiwa chuo cha theolojia. Ni shajara, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku, ya msomi mmoja wa Kiingereza ambaye baadaye alipata kuwa profesa. Tulikitafuta tena, kwa sababu tulifikiri hivi: kama yuko mtu ambaye angeweza kutuonyesha kwa kalamu siku aliyompata Mungu, ni yule aliyeandika kila jioni mambo ya siku yake. Tulichokikuta ndicho tunachotaka kuwashirikisha.

Mtu aliyeandika kila siku

Wengi mmesikia jina la C. S. Lewis. Watoto wetu wameona filamu za hadithi zake za Narnia, na wachungaji humtaja mimbarani. Alizaliwa Belfast, nchini Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Mama yake alifariki kwa saratani mwezi Agosti 1908, mtoto akiwa na miaka tisa. Alikuwa amemwombea mama apone, na mama hakupona. Akapelekwa shule za bweni Uingereza, na huko, akiwa bado kijana mdogo, imani ilimtoka.

Hata hivyo alipata kipaimara. Ilikuwa Desemba 1914, katika kanisa lile lile la Mtakatifu Marko alikobatizwa. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alipiga magoti na kupokea Chakula cha Bwana bila kuamini lolote, kwa kuogopa kumwudhi baba yake. Sisi tunaofundisha madarasa ya kipaimara tusipite hapo haraka. Kila mwaka tunaweka mikono juu ya vichwa vya vijana, na hatuoni kilichomo ndani.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Lewis alifika mstari wa mbele Ufaransa siku aliyotimiza miaka 19, na mwezi Aprili 1918 alijeruhiwa. Rafiki yake Paddy Moore aliuawa mwaka huo huo. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki hai atamtunza mzazi wa mwenzake, na Lewis alitimiza ahadi: alirudi chuoni Oxford akaishi nyumba moja na mama wa marehemu na binti yake.

Shajara yake ilianza tarehe 1 Aprili 1922, akiwa na miaka 23, na ikakoma mwezi Machi 1927, ikiwa na vipindi vya kimya hapa na pale. Ilichapishwa mwaka 1991, miaka 28 baada ya kifo chake, kwa jina la *All My Road Before Me*. Mwandishi wake alikuwa kijana asiyemwamini Mungu, maskini, anayetafuta kazi ya ualimu.

Anayefungua kitabu hicho akitafuta mambo makuu ya kiroho atachoka. Kimejaa vyombo vya kuoshwa, hali ya hewa, matembezi na mbwa, nyumba za kupanga, wageni wasioondoka, maumivu ya kichwa, karatasi za mitihani za kusahihisha ili zipatikane fedha kidogo. Siku nyingine mama Moore ni mgonjwa, na yeye ndiye anayeshughulika jikoni. Siku nyingine ameomba kazi na hakupata. Mwaka 1925 hatimaye anapata nafasi ya kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Magdalen, Oxford, na nyumba inafurahi. Ni maisha ambayo mtu wa Njombe angeyatambua mara moja: kodi, ugonjwa, chakula, kazi.

Aliyoyaandika bila kuyajua

Lakini sisi tunaoisoma shajara hiyo leo tunayajua yaliyofuata. Kwa hiyo tunasimama mahali ambapo yeye alipita bila kusimama.

Mwishoni mwa Aprili 1926 aliandika kwamba mwalimu mwenzake alikaa naye chumbani, na mazungumzo yakafika kwenye Injili. Mwenzake hakuwa mtu wa dini hata kidogo. Hata hivyo wawili hao walikubaliana kwamba katika habari za Yesu yapo mambo ambayo si rahisi kuyafuta. Katika shajara jambo hilo linapita kwa maneno machache tu, kisha maisha yanaendelea. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1955, alipoandika kitabu cha kusimulia jinsi alivyoamini, alikumbuka jioni ile kuwa moja ya mapigo makubwa aliyopata: ikiwa hata mpinzani mgumu kama yule hakuwa salama, yeye angekimbilia wapi?

Siku chache baadaye, tarehe 11 Mei 1926, alihudhuria kikao cha walimu wa Kiingereza na kukutana na profesa mmoja ambaye hakumjua. Akamwandika kwa mzaha, kama mtu mdogo, mweupe wa uso, mwenye maneno mengi, asiye na madhara, anayehitaji tu kutiwa adabu kidogo. Jina lake lilikuwa J. R. R. Tolkien, Mkristo wa Kanisa Katoliki. Miaka mitano baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 1931, Tolkien na rafiki mwingine, Hugo Dyson, walitembea na kuzungumza na Lewis juu ya Kristo mpaka usiku wa manane. Siku chache baada ya hapo, tarehe 28 Septemba, Lewis alipanda pikipiki ya kaka yake, akiwa ameketi katika kiti cha pembeni, wakaenda kutazama bustani ya wanyama ya Whipsnade. Anasimulia kwamba walipoondoka alikuwa haamini kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, na walipofika alikuwa anaamini. Njiani hakuwa ameliwaza jambo hilo kwa namna ya pekee.

Wapendwa, tazameni. Mtu aliyetumwa kumshika mkono aliingia chumbani, na shajara ikamwandika kwa dhihaka. Siku ya neema ilifika kama siku ya kikao cha kazi.

Yako mambo mengine mawili. La kwanza: Lewis alisema kwamba alikubali kuwa Mungu ni Mungu mwaka 1929, akapiga magoti chumbani kwake akiwa na huzuni na kusitasita. Ndivyo ilivyofundishwa miaka mingi. Lakini mwaka 2013 mwanatheolojia Alister McGrath alizipitia barua za wakati ule na kudai kwamba Lewis alikosea kumbukumbu, na kwamba mwaka wenyewe ni 1930. Wasomi wanaendelea kujadiliana. Basi mtu aliyepata kuandika siku zake miaka mitano, mwenye akili kali na kumbukumbu ya ajabu, hakuweza kututhibitishia mwaka alioinama mbele za Mungu, sembuse saa.

La pili ni hukumu yake mwenyewe juu ya shajara. Alishukuru kwamba kumwamini Mungu kulimponya tabia hiyo. Alieleza kuwa kila jioni mtu huandika analoliona kuwa kubwa, lakini jioni hiyo hawezi kujua ni lipi litakuja kuwa kubwa. Tena aliona kwamba alikuwa amejitazama mno. Imani ilimgeuza uso, akaanza kumtazama Mwingine.

Miaka ile ile hapa Ubena

Tulipofika hapo tulijiuliza: miaka ile ya 1922 hadi 1927, msomi yule alipokuwa akiandika Oxford, hapa kwetu kulikuwa na nini?

Vita iliyomjeruhi Lewis ilikuwa imepita hapa pia. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland yakaingia Njombe, na mwezi Oktoba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita tena Ubena likielekea Rhodesia ya Kaskazini. Vijana wetu walibebeshwa mizigo ya pande zote mbili, na chakula cha vijiji kikaliwa na askari.

Kabla ya vita, kanisa la kwetu lilikuwa na watu wengi wa kuliandika. Misioni ya Berlin, iliyofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kisha kuja Ukinga na Ubena, iliwataka wamisionari wake waandike mambo ya vituo vyao na kupeleka taarifa Ujerumani. Paul Gröschel wa Yakobi aliandika barua nyingi juu ya miaka 1898 hadi 1908, pamoja na Vita vya Maji Maji vilivyofika Yakobi mwezi Septemba 1905, na zikachapishwa Berlin mwaka 1911. Tunazishukuru barua hizo, ingawa tunajua kwamba zinatuonyesha vita kutoka ndani ya kituo cha misioni. Wabena waliokuwa nje ya ukuta nao walikuwa na yao ya kusema, na hakuna aliyewachapishia kitabu.

Baada ya vita Wajerumani waliondolewa. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia walisaidia kuangalia kazi, lakini eneo lilikuwa kubwa na wao walikuwa wachache. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho chote, nani aliyepiga kengele Kidugala, Lupembe, Ilembula na Yakobi? Nani aliyewafundisha wanafunzi wa ubatizo, akawazika wafu, akawaombea wagonjwa wakati wa baridi ya Juni na Julai? Walikuwa walimu na wazee wenyeji. Wengi wao walijua kusoma na kuandika, lakini hawakuwa na nafasi ya kukaa jioni na kuandika jinsi roho zao zilivyojisikia. Walikuwa na mashamba ya kulima na watoto wa kulisha.

Wamisionari waliporudi walikuta kanisa lipo. Hilo ndilo jambo kubwa la miaka ile hapa kwetu. Kwa muda mrefu watu waliosoma makaratasi tu waliiona miaka hiyo kama pengo, kwa kuwa mmisionari aliyezoea kuandika hakuwepo. Ukweli ni kwamba kazi ya Mungu ilikuwa ikiendelea mikononi mwa watu ambao majina yao mengi hatuyajui. Shajara ikikaa kimya, si lazima Mungu awe amekaa kimya.

Tarehe za Wesley na za Luther

Hatutaki kuwadharau wenye tarehe. John Wesley aliandika katika shajara yake kwamba tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasorobo usiku, katika mkutano wa Aldersgate, London, aliuhisi moyo wake ukipata joto la ajabu na akajua kuwa anamtumaini Kristo. Nasi Walutheri tusisahau kilichokuwa kikisomwa jioni ile: dibaji ya Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Bwana anaweza kumpa mtu siku na saa. Paulo alipewa njia ya Dameski mchana kweupe.

Lakini Luther mwenyewe, ambaye maneno yake yalimpa Wesley tarehe, hakutuachia tarehe yake. Alisimulia akiwa mzee, mwaka 1545, jinsi alivyohangaika na neno la haki ya Mungu katika Warumi sura ya kwanza mpaka mlango ukafunguka. Wanahistoria wameitafuta siku hiyo kwa bidii. Wengine wanasema mapema, kabla ya hoja 95 za mwaka 1517, wengine wanasema baada yake. Hawajakubaliana mpaka leo. Je, tuseme Luther alizoea tu?

Katika Katekisimu Ndogo, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kipaimara, Luther anafundisha kwamba ubatizo una kazi kila siku: utu wa kale ufe kwa toba, na mtu mpya afufuke. Kwa hiyo anayeulizwa ameokoka lini anaweza kutaja siku aliyobatizwa, na anaweza kutaja asubuhi ya leo. Majibu yote mawili ni sahihi.

Na wale wawili wa njia ya Emau, katika Luka sura ya 24, walitembea na Bwana mwendo mrefu bila kumtambua. Walipomtambua mezani, ndipo walipokumbuka kwamba mioyo yao ilikuwa ikiwaka tangu njiani. Moto ulitangulia, kujua kukafuata. Lau wangekuwa na daftari njiani, wangeandika tu kwamba mgeni mmoja aliungana nao.

Kitabu cha ubatizo

Lewis alibatizwa tarehe 29 Januari 1899, akiwa mtoto wa miezi miwili, na aliyembatiza ni babu yake mzaa mama, aliyekuwa mchungaji wa kanisa lile. Hiyo ni tarehe ambayo hakuna msomi anayeibishia. Alipomkana Mungu, ilikuwepo. Alipopiga magoti ya kipaimara bila imani, ilikuwepo. Miaka yote mitano ya shajara ilikuwepo, ingawa haionekani kumshughulisha. Mungu alikuwa ametangulia kuandika.

Tulirudi Makambako. Tuligundua kwamba mama yule alibatizwa katika mtaa mmoja upande wa Njombe, tukaomba ruhusa ya kuvipekua vitabu vya zamani vya usharika huo. Si kazi rahisi. Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimelowa. Kurasa zake zilikuwa zimesalia, wino umefifia, lakini unasomeka. Tulimwita aje, naye akaja na mjukuu wake.

Tulidhani atafurahia tarehe. Aliitazama, akasema tu, "Kumbe ilikuwa masika." Kisha mjukuu akamsomea majina ya wasimamizi wake wa ubatizo, watu watatu, wote wamelala makaburini miaka mingi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Aliyagusa majina yale kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Hawa ndio walioniitikia," alisema. "Huyu alikuwa akinipa uji nikitoka shuleni. Huyu alinifundisha Baba Yetu. Sikujua kwamba ndiye."

Tukakumbuka kikao kile cha mwaka 1926, na yule mtu mdogo, mweupe wa uso, mwenye maneno mengi. Mama huyu naye alilishwa uji na mtumishi wa Mungu bila kumjua.

Basi tunawaomba wazee wa kanisa mambo mawili. Vitunzeni vitabu vya ubatizo: mnunue kabati la chuma, mkinge na mchwa na mvua, na waandike watu wenye mwandiko unaosomeka, wayaandike majina ya wasimamizi kwa ukamilifu. Na katika ushuhuda, anayekumbuka siku yake aisimulie kwa furaha, lakini asiyekuwa nayo asiachwe ameketi peke yake. Aulizwe ni nani waliomshika mkono, na asubuhi ya leo amemwomba Mungu nini. Mama yule angejibu maswali yote mawili bila kusita.

Siku ile aliondoka kabla yetu, kwa kuwa mjukuu alikuwa na shule kesho yake. Mlangoni aligeuka akauliza kama tunaweza kumwandikia yale majina matatu kwenye karatasi. Tulimwandikia kwa herufi kubwa. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaenda kutafuta gari la Makambako.